Chini ya Jiwe Kuna Nyumba ya Watu

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi yangu alikuwa anafua kwenye kijito kimoja kinachomwaga maji yake katika Mto Luengera, huku kwetu Korogwe, nami nikatumwa nitafute jiwe la kusugulia visigino. Nikaingia pale maji yanapokimbia kwa kelele juu ya changarawe, nikainama, nikanyanyua jiwe la ukubwa wa sahani. Upande wake wa chini kulikuwa na kitu kimeganda, cha rangi ya kahawia yenye mabaka, hakizidi kidole changu cha kati. Nilidhani ni konokono. Nilipokigusa kikajivuta mbele kidogo, kikatulia tena, bado kimelishika jiwe ambalo lilikuwa limeshatoka majini. Ndipo nilipoona mapezi. Alikuwa samaki.

Nikaita, "Shangazi, njoo uone!" Akaja na mikono yake imejaa povu, akatazama, wala hakushangaa. Nikamwuliza anaitwaje samaki yule.

"Haitwi kitu," akasema. "Haliwi huyo."

Nikaanza kumbandua kwa ukucha. Hapo shangazi akabadilika sauti. "Rudisha jiwe lilivyokuwa, mwanangu. Chini ya jiwe kuna nyumba ya watu."

Nililirudisha. Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nadhani nimekuwa mwalimu wa baiolojia kwa sababu ya jiwe lile. Lakini swali langu la siku ile lilinisumbua miaka mingi: samaki anaishije mtoni kwetu, mbele ya macho yetu, tangu enzi za mababu, asiwe na jina? Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwetu samaki hupewa jina na soko. Kambale ana jina kwa sababu ana bei. Perege ana jina kwa sababu ana bei. Hata dagaa, ambaye mmoja mmoja hana uzito wowote, ana jina kwa kuwa huuzwa kwa kopo. Yule wa kwenye jiwe hajazi kopo, hakaangiki, hanukishi mchuzi. Kwa hiyo amekaa bila jina.

Vitabuni anaitwa Chiloglanis. Ni kambale. Najua msomaji akisikia kambale anamwona yule mkubwa mweusi, mwenye kichwa kipana na sharubu ndefu, anayevuliwa kwenye matope na kupikwa kwa nazi. Ukoo wa kambale ni mkubwa kuliko hivyo: duniani kuna spishi zaidi ya 3,000, nyingine kubwa kumzidi mtu, nyingine fupi kama kiberiti. Chiloglanis yuko upande huo wa wafupi. Aina nyingi za jenasi hii, yaani kundi hili la spishi zenye undugu wa karibu, ziko kati ya sentimita 4 na 8, na zimeenea katika mito ya Afrika ya kitropiki hadi kusini mwa bara. Zinazofahamika ni makumi kadhaa, na wataalamu bado wanaendelea kutambua mpya. Kwa maji ya bonde la Mto Pangani anayetajwa ni Chiloglanis deckenii.

Jina la jenasi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, lenye maana ya mdomo na lenye maana ya kambale. Aliyelitunga alitazama mahali panapostahili, maana samaki huyu wote ni mdomo.

Nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu mara ya kwanza kuuona vizuri nilikuwa mtu mzima, na niliduwaa. Tulikuwa mtoni na wanafunzi wa kidato cha tatu. Mmoja alikuwa na kopo la plastiki linaloonyesha, lile la kuwekea siagi ya karanga, tukalijaza maji na kumtia samaki mmoja kwa dakika chache. Alizunguka mara mbili, kisha akajibandika ubavuni mwa kopo, tumbo likiwa upande wetu. Tukamwona kwa chini, kama vile mtu anavyouona mhuri kwa upande wenye maandishi. Midomo yake ya juu na ya chini imepanuka ikakutana, ikafanya duara moja pana, nyama laini, yenye vipele vidogo vingi juu yake. Mdomo wenyewe, ule wa kulia, ni tundu lililo katikati ya duara hilo. Sharubu za kidevuni, ambazo kwa kambale mwingine huning'inia na kupapasa tope, kwa huyu zimemezwa na duara, zimebaki ncha fupi kwenye ukingo wake. Juu ya tundu kuna meno yaliyopangwa kama brashi, na kwenye taya la chini kuna kijifungu cha meno membamba yaliyopinda. Hayo ya chini watu wa elimu ya samaki huyahesabu kwa darubini, kwa sababu idadi yake ni mojawapo ya alama za kutofautisha spishi moja na nyingine. Nyingi zinafanana mno kwa rangi na umbo. Ukimtazama kwa juu tu unaweza kudhani mto mzima una ndugu wa baba mmoja.

Wanafunzi walikaa kimya kuliko wanavyokaa darasani. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza, "Mwalimu, anatubusu?" Tulicheka, lakini nilimjibu kwa dhati: anashikilia kopo kama anavyoshikilia jiwe, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kutulia.

Na hana njia nyingine kweli. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea bila kuchoka. Kwa Chiloglanis kibofu hicho ni kidogo, kimesinyaa, kwa maana mwenye kuishi kwenye maji yanayokimbia hana haja ya kuelea. Akielea, atachukuliwa. Anachohitaji ni uzito, tumbo bapa na mahali pa kushika. Macho yake yako juu ya kichwa, mdomo uko chini, mgongo umeinuka kiasi kwamba maji yakimpiga yanampita juu na kumkandamiza zaidi kwenye mwamba. Tena kuna siri ya maji yenyewe: yakikimbia juu ya jiwe, ule utando mwembamba unaogusana na jiwe huenda polepole kuliko maji ya juu. Samaki mrefu wa kimo asingefaidi, lakini huyu aliyelala kifudifudi hukaa karibu na utulivu huo, huku mto ukinguruma vidole viwili juu yake.

Kwa nini achague mahali pagumu namna hiyo? Kwa sababu ndipo penye hewa na ndipo penye chakula. Maji yanayorukaruka kwenye mawe huchanganyika na hewa, na oksijeni huingia kwa wingi. Ndiyo maana hatukumweka kwenye kopo zaidi ya dakika chache. Na juu ya mawe hayo kuna utando wa mwani na vijidudu, na kati yake mabuu ya wadudu wa kila namna. Chiloglanis husogea kwa kujivuta, anakwangua, anachokoa, anameza.

Miongoni mwa mabuu wanaoishi kwenye maji ya kasi wamo wa usubi. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa usubi ni nini. Mkoa wetu ni mmojawapo wa mikoa iliyosumbuliwa na ugonjwa unaoletwa na inzi huyo mdogo mweusi, tena ugonjwa nao tumeuita usubi: inzi anauma, anaacha minyoo midogo mwilini, ngozi inawasha miaka nenda miaka rudi, na kwa wengine macho yanafungwa kabisa. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa na ngozi ya miguuni yenye madoa meupe kama ya chui, akiwashwa usiku mzima. Ndiyo maana watu wetu walikuja kunywa vidonge vya Mectizan mwaka hadi mwaka, dawa ambayo mtengenezaji wake aliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa wenye kuihitaji. Sisemi kwamba samaki wa sentimita 6 atatukinga na usubi. Mtu akikuambia hivyo usimsikilize. Nasema tu kwamba maji yaleyale tuliyoyaogopa kwa sababu ya inzi yana wakazi wengine, na wao pia wana shughuli zao humo.

Ndugu yake wa karibu ana jina, na ana jina kwa sababu anauma na analiwa. Ni ngogo. Ngogo ni Synodontis, wa familia moja na Chiloglanis, ile ya Mochokidae, ambayo haipatikani kwingine duniani ila Afrika na mto wake wa Nile. Mjomba wangu alikuwa akitega migono kwenye Pangani, chini ya Korogwe, na asubuhi akiinua mgono wenye ngogo tulikuwa tunajua kabla hajaufungua, kwa sababu ngogo hulia. Ana mwiba mgumu mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Akishtuka huisimamisha na kuikaza isirudi, na akiisugua ile ya ubavuni kwenye maungio yake hutoka sauti ya kukwaruza. "Usimshike, mjomba," alikuwa akiniambia, akiniita kwa cheo chake kama desturi, "huyu hatoki mkononi bila damu." Chiloglanis naye ana miiba hiyohiyo kwa kipimo chake kidogo. Niliwahi kuchomwa. Inauma kama mwiba wa mchongoma, si zaidi.

Siwezi kumtaja Synodontis nikamwacha yule wa Ziwa Tanganyika, ingawa yuko mbali na kwetu, kwa kuwa kila mwaka nikiwasimulia wanafunzi habari zake hawaniamini. Anaitwa Synodontis multipunctatus, mweupe mwenye madoadoa meusi. Katika ziwa lile kuna samaki ambao mama huatamia mayai yake mdomoni. Wakati mama huyo anataga na kuyaokota, ngogo huyu hupita katikati na kutaga ya kwake, mama akayaokota yote pamoja. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na watoto wake huanza kula watoto wa mwenye mdomo, humohumo mdomoni. Mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, ndiye aliyelitangaza jambo hili kwa ulimwengu mwaka 1986. Wavuvi wa kambale mkubwa wanaweza kumwona ngogo kama samaki wa daraja la pili, lakini mimi sijapata kusikia habari ya ajabu kama hiyo kwa samaki yeyote wa bei.

Nirudi Pangani, na nirudi kwenye jina.

Hilo deckenii linatokana na mtu: Karl Klaus von der Decken, msafiri mpelelezi wa Kijerumani, baroni, aliyezaliwa 1833. Mwaka 1861 alipanda Kilimanjaro akifuatana na Mwingereza Richard Thornton, na mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten wakafika juu zaidi, ingawa kileleni hawakufika. Mwaka 1865 aliupanda Mto Juba kwa meli ya mvuke. Meli ikakwama kwenye mawe, na yeye akauawa Bardera, Somalia. Viumbe vilivyokusanywa katika safari zake vilipelekwa Berlin, na huko Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama ambaye mwenyewe aliwahi kuishi Msumbiji miaka ya 1840, akamfafanua samaki wetu mwaka 1868 na kuanzisha kwa ajili yake jenasi nzima ya Chiloglanis. Maana yake ni kwamba aina zote za jenasi hii, kutoka Guinea mpaka Afrika Kusini, zinapimwa kwa kulinganishwa na huyu wa Afrika Mashariki. Yeye ndiye kigezo.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, nikiwa chuoni, nilisikia furaha na uchungu pamoja. Furaha, kwa sababu yule asiyeitwa kitu alikuwa ametajwa kwenye vitabu vya dunia kabla babu yangu hajazaliwa. Uchungu, kwa sababu mtu aliyekufa kwenye mto mwingine ndiye aliyeachiwa jina, na sisi tuliokuwa tukifua nguo juu yake hatukuwa na neno hata moja la kumwita. Simlaumu Peters. Alifanya kazi yake. Ila tangu siku ile nimekuwa nikiwapa wanafunzi zoezi la kumtungia jina la Kiswahili. Wameleta mengi: kinatajiwe, mbusumwamba, kambalemawe. Mimi napenda kinatajiwe, kwa sababu linaeleza anachofanya, lakini jina halishiki kwa kupendwa na mwalimu. Litashika siku watoto wa mtoni watakapolitumia bila kuniuliza.

Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Vyanzo vyake viko Kilimanjaro na Meru, hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, hupokea maji ya Mkomazi na Luengera, halafu hushuka kwa vishindo pale Hale kabla ya kutulia na kuingia baharini kwenye mji wa Pangani. Hapo kwenye vishindo ndipo pia penye umeme. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, megawati 21. Nyumba ya Mungu kikafuata mwaka 1968, megawati 8. Na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, megawati 68, kikawashwa mwaka 1995. Nimesoma kwa taa ya umeme huo. Sitathubutu kuudharau. Lakini tazama kilichotumika: mteremko na kasi ya maji, vitu vilevile anavyoishi navyo kinatajiwe. Maji yakigeuzwa kuelekea kwenye mitambo, mkondo wa zamani wa mawe hubaki na maji kidogo. Yakikusanywa kwenye bwawa, hutulia, tope hushuka chini, na kwa samaki asiyeweza kuelea bwawa ni kama ukuta. Wa juu yake na wa chini yake hawakutani tena.

Hata hivyo, kwenye vijito vyetu vidogo sijaona bwawa likimwondoa. Nimeona mchanga.

Jiwe lenye mkazi ni jiwe lenye nafasi chini yake. Maji lazima yapite, hewa ipite, mabuu wapate pa kukaa. Mtu akilima hadi kwenye kingo, mvua za masika hukokota udongo na kuujaza kwenye nafasi hizo. Jiwe linabaki palepale, ukilitazama kwa juu hulioni tofauti, lakini ukilinyanyua linatoka na sauti ya kubanduka kwenye tope, na chini yake hakuna mtu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Najua wenye mashamba ya mabondeni, ni ndugu zangu, na najua mita 60 ni nyingi kwa mwenye ekari moja. Bado naona zingeachwa hata kumi za matete na migomba, vijito vyetu vingekuwa vingine.

Kulikuwa na maji ya korona pia, yaani ya mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili kupata nyuzi. Aliyekulia kwenye mkonge anaijua harufu ile. Katika jani la mkonge nyuzi ni asilimia 4 hivi tu, yaliyobaki ni maganda na maji ya kijani yenye ukali, na pale yalipoachwa yaingie kijitoni yalioza na kuimaliza hewa majini. Tulipita mbali tukiziba pua.

Lakini kumbukumbu inayonirudia usiku ni ya utupa, mmea wenye sumu ya kuulia samaki. Nilikuwa darasa la sita, kiangazi kikali, maji yamepungua hadi kifundoni. Mtu mmoja alitwanga majani ya utupa akayatia juu ya mto usiku ili apate kambale wa haraka. Utupa hauwatoi samaki nje ya maji. Huwazuia kuitumia hewa iliyomo mwilini, wakazimia hali wanapumua. Asubuhi tulikwenda kuteka tukakuta wakubwa wameshaokotwa. Waliobaki walikuwa wale ambao hakuna aliyewataka. Nilikuwa nimezoea kumwona mmoja mmoja, kwa bahati, chini ya jiwe. Siku ile niliwaona kwa makumi, wamekusanyika kwenye kina kidogo penye povu, matumbo juu. Duara zote za midomo zilikuwa zimetazama mbinguni, hazijashika kitu. Sikujua walikuwa wengi kiasi kile.

Shangazi alizitazama, akaweka ndoo yake chini, akasema tu, "Wametolewa nje ya nyumba zao." Hatukuteka maji pale kwa siku tatu.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, nilikwenda kumsalimu. Sasa ni mtu mzima sana, miguu haimruhusu kushuka mtoni. Nilipomaliza kumwamkia akaniuliza habari za kazi, kisha akaniuliza, kana kwamba ni jirani aliyehama, "Wale wa chini ya jiwe wapo bado?"

Nilikuwa na wanafunzi sita, tukaenda kutazama. Pale tulipokuwa tukifulia pamejaa mchanga. Mawe yamezama hadi mabegani, na hayo machache tuliyoweza kuyang'oa yalikuwa matupu. Tukapanda kijito kuelekea milimani kwa karibu saa mbili, tukayapita mashamba ya mahindi, tukaipita iliki, mpaka mahali ambapo miti inafunga juu na maji yanakuwa baridi ghafla miguuni. Tulinyanyua mawe mengi. Kijana mmoja aliyekuwa mbele akasimama, akaniita kwa mkono bila kusema neno, kama mtu aliyemwona ndege karibu. Kwenye jiwe lake alikuwepo mmoja, mwenye mabaka, mkia umejikunja kidogo kwa sababu ya upepo. Tulimtazama kwa muda wa pumzi tatu nne.

Jioni nilimweleza shangazi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Na jiwe mlilirudisha?"

Nikamwambia tulilirudisha, uso uleule chini.